Mkono wa haraka na mstari usiokatika: niliyojifunza nikitengeneza programu ya kuchorea hina

Vuta kipanya polepole na karibu kila programu ya kuchora kwa mkono itakupa mstari mzima. Kivute haraka ndipo utaiona programu ilivyo: mstari unatawanyika ukawa nukta nukta, duara linatoka na pembe, mkia wa herufi unakatika kabla ya kufika mwisho. Nimehangaika na jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kutengeneza kitu cha namna hiyo, uwe ubao wa mwalimu wa hesabu, sehemu ya kutia sahihi, au mchezo wa kuwafundisha watoto kuumba herufi. Kuna njia zilizonila muda na pesa ambazo wewe huna haja ya kuzipita.

Dada yangu ni mpambaji wa maharusi hapa Mombasa. Anapaka hina na piko, na baadhi ya wateja wake wako Muscat, wanafika siku chache tu kabla ya harusi. Wanataka kuliona pambo mapema. Alikuwa akichora kwenye karatasi, anapiga picha, anatuma kwa WhatsApp. Bi harusi akisema ua lisogee kidogo kuelekea kidole cha shahada, karatasi nzima inachorwa upya. Nikamwambia nitamtengenezea programu ndogo inayofunguka kwenye brauza, achore kwa kipanya juu ya picha ya kiganja, afute anapotaka, atume.

Toleo la kwanza nililiandika kama wengi wanavyofundishwa: kila tukio la kipanya likiingia, yaani taarifa kwamba kimesogea, chora duara dogo pale mshale ulipo. Nikijaribu mwenyewe lilifanya kazi vizuri, maana mimi si mchoraji na mkono wangu huenda kwa kusitasita. Dada akakaa. Akaanza shina kutoka kwenye kifundo cha mkono, akalipeleka hadi ncha ya kidole kwa mvuto mmoja, kama anavyofanya siku zote. Kwenye skrini zikabaki nukta zilizoachana.

"Mbona inaruka?"

Nikamwomba aende polepole. Akaenda. Nukta zikaungana, lakini shina likatoka limetetemeka, na mtu asingeamini kwamba limechorwa na mpambaji aliyeshika koni ya hina miaka yote hiyo. Akaniambia, "Mdogo wangu, mkono ukienda polepole lazima utetemeke. Hata koni ni hivyo hivyo, ukiikawiza hina inajaa mahali pamoja. Mkunjo mzuri ni wa haraka."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza tangu siku ile. Wachoraji wengi wazuri huchora haraka kwa sababu kasi ndiyo inayounyoosha mstari. Programu inayomtaka mchoraji apunguze mwendo inamnyang'anya ustadi wake. Kwa hiyo nikaacha kabisa kumwambia abadilishe mkono, nikarudi kwenye kodi za programu, yaani yale maagizo ninayoiandikia.

Kwanza ilinibidi nielewe nukta zinapotelea wapi. Kipanya hakijui mstari. Kazi yake ni kuiambia kompyuta, kila baada ya muda fulani, kimesogea kiasi gani kulia au kushoto, juu au chini. Vipanya vingi vya kawaida vya USB huripoti mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Vile vya wacheza gemu hufika mara 1,000. Kompyuta inazijumlisha ripoti hizo kupata mahali mshale ulipo. Ila programu iliyo ndani ya brauza haipewi kila ripoti peke yake. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kila milisekunde 16.7 hivi, kila mchoro mmoja ukiitwa fremu, na brauza za siku hizi hukusanya misogeo yote iliyotokea kati ya fremu moja na nyingine, zikakuletea tukio moja. Chrome ilianza utaratibu huo mwaka 2017 katika toleo la 60, kwa nia njema: programu nyingi zilikuwa zikifanya kazi mara mbili au tatu kwa fremu bila mtazamaji kuona tofauti yoyote.

Sasa piga hesabu. Mkono unaovusha mshale pikseli 1,500, zile nukta ndogo za skrini, kwa sekunde moja si wa ajabu kwa mtu anayechora mkunjo mrefu. Gawanya kwa 60, unapata pikseli 25 kati ya tukio na tukio. Brashi ya dada ilikuwa na unene wa pikseli 4. Pikseli 21 zinabaki tupu kila mahali. Na brauza ikishikwa na kazi nyingine kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, pengo linafika pikseli 150, yaani kidole kizima kwenye picha yetu ya kiganja.

Kabla ya kufika kwenye hesabu hii nilikuwa nimeshatoa pesa. Rafiki alinishauri kwamba tatizo ni kipanya, nikanunua cha gemu kwa shilingi elfu tatu na ushei, tena kwa mkopo wa simu. Mabadiliko yakawa madogo mno. Sababu naijua sasa: kipanya kikiripoti mara 1,000 kwa sekunde, na programu ikapokea tukio moja kwa fremu, ripoti kumi na tano kati ya kumi na sita hivi hazichorwi. Rekebisha programu kwanza. Kipanya cha kasi kina faida, lakini faida hiyo huiona mtu ambaye kodi zake ziko tayari kuipokea.

Jambo moja tu la vifaa nitasema lishughulikiwe mapema: meza. Kipanya cha mwanga hujua kimesogea kwa kulinganisha picha ndogo ndogo za uso kilipolala. Dada alikuwa akifanyia kazi kwenye meza ya kioo ya saluni, na pale mshale ulikuwa ukiruka wenyewe. Tukatandika kitambaa kinene, kuruka huko kukaisha. Halafu, kwenye Windows, nenda mipangilio ya kipanya uondoe tiki ya ile huduma ya kuongeza usahihi wa mshale. Huduma hiyo huongeza umbali wa mshale mkono unapokwenda kasi, kwa hiyo duara lililoanza polepole na kumalizika haraka linatoka limevutwa upande mmoja. Kwa kazi za ofisi haidhuru, kwa kuchora inaharibu.

Turudi kwenye kodi. Dawa ya kwanza ni rahisi: kumbuka nukta iliyopita, na kila tukio jipya likija, piga mstari kutoka pale hadi hapa. Kwenye kanvasi ya brauza, yaani eneo lake la kuchorea, amri ni moveTo na lineTo. Anayejifunza lugha ya Python kwa Tkinter, zana yake ya kutengeneza madirisha, aache create_oval ndani ya B1-Motion (tukio la kuvuta kipanya kitufe kikiwa kimebonyezwa), atumie create_line kutoka nukta ya zamani hadi mpya, na capstyle iwe ROUND ili maungio yasionekane yamekatwa. Kama unaandika mahali pasipo na amri ya kuchora mstari, kwa mfano skrini ndogo inayoendeshwa na bodi ndogo ya Arduino, tumia kanuni ya Bresenham, inayochagua pikseli za kuwasha kati ya nukta mbili. Jack Bresenham aliibuni mwaka 1962 akiwa IBM kwa ajili ya mashine ya kuchora kwa kalamu, ikachapishwa 1965, na uzuri wake ni kwamba inajumlisha na kutoa namba kamili tu, hivyo hata kifaa dhaifu kinaimudu.

Kitufe kikiachiwa, ifute nukta iliyokumbukwa. Usipofanya hivyo, ua jipya litaunganishwa na mwisho wa lile la zamani kwa mstari mrefu unaokatiza kiganja kizima.

Nukta zikaungana, dada akashukuru, nami nikadhani nimemaliza. Kisha akachora korosho, lile umbo unaloliona kwenye pindo za kanga, ambalo kwenye hina huwekwa katikati ya kiganja na kujazwa vijani vidogo. Ikatoka na pembe. Hesabu ni ile ile: duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 30 lina mzunguko wa pikseli 188 hivi, na kwa hatua za pikseli 25 unapata umbo la pande saba au nane. Kuunga nukta kwa mistari iliyonyooka kunaziba mapengo tu, hakurudishi mkunjo uliopotea.

Hapa kuna hatua mbili, na nashauri uzifuate kwa mpangilio huu. Ya kwanza ni kuzidai nukta zako. Ile misogeo ambayo brauza iliikusanya haikutupwa. Imewekwa ndani ya tukio lenyewe, nawe unaweza kuiomba kwa getCoalescedEvents. Unasikiliza tukio la pointermove badala ya lile la zamani la mousemove, kisha unapita kwenye orodha uliyopewa, nukta moja baada ya nyingine. Kwa kipanya cha kawaida unapata nukta mbili hivi kwa kila fremu, kwa kile cha gemu unaweza kupata kumi na sita. Hapo ndipo shilingi zangu elfu tatu zilipoanza kuonekana.

Lakini kuna mtego ambao sikuusoma popote mpaka uliponinasa. Kwenye laptopu yangu kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye laptopu ya dada, iliyofungua programu ile ile kupitia mtandao wa nyumbani kwa anwani inayoanza na 192.168, kuchora kulikufa kabisa, hata nukta haikutoka. Nilikesha nikitafuta kosa lisilokuwepo katika hesabu zangu. Kumbe getCoalescedEvents hupatikana tu kwenye ukurasa uliofunguliwa kwa njia salama, yaani https, au ukiwa kwenye localhost, yaani kompyuta ile ile inayoendesha programu. Anwani ya http ya mtandao wa nyumbani haihesabiwi kuwa salama, kwa hiyo kwa brauza ile amri haikuwepo. Daima uliza kwanza kama ipo. Isipokuwepo, au ikikurudishia orodha tupu, tumia tukio lenyewe. Safari, brauza ya iPhone, nayo ilichelewa sana kuipata amri hiyo, na wateja wenye simu za iPhone hawawezi kusubiri.

Hatua ya pili ni kuupinda mstari. Njia ninayoipenda, na ambayo ningeifundisha mtu yeyote kabla ya nyingine zote, ni ya katikati. Una nukta tatu, A, B na C, kama zilivyotoka kwenye kipanya. Tafuta katikati ya A na B, kisha katikati ya B na C. Chora mkunjo kutoka katikati ya kwanza hadi ya pili, na B iwe ndiyo nukta inayouvuta. Kwenye kanvasi ni quadraticCurveTo, ukiipa B kwanza halafu katikati ya B na C. Ikija D, unaendelea kutoka pale ulipoishia, na kwa kuwa kila kipande kinaanza kwa mwelekeo ule ule ambao kilichotangulia kiliishia, pembe haipo. Korosho ya dada ikawa korosho.

Njia hiyo ina madeni mawili ya kulipa. Mstari unaishia katikati ya nukta mbili za mwisho, kwa hiyo kitufe kikiachiwa malizia kipande kilichobaki hadi nukta ya mwisho kabisa. Bila hivyo kila mkia unatoka mfupi, na kwenye hina mkia ndio urembo. Na wakati mkono bado unakwenda, wino unaachwa nyuma kidogo ya mshale. Mimi huchora kipande cha muda kilichonyooka hadi kwenye mshale, nikakifuta fremu inayofuata. Macho hayakioni, mkono unakihisi.

Zipo njia nyingine. Watafiti Catmull na Rom walitoa yao mwaka 1974, na mkunjo wake hupita juu ya kila nukta yenyewe, jambo ambalo ile ya katikati haifanyi. Niliijaribu. Mkono unapobadili mwendo ghafla, nukta zinakuwa karibu karibu mahali pamoja na mbali mbali pengine, na toleo lake la kawaida huzunguka kijitanzi pale pasipo na tanzi. Kuna namna ya kuisawazisha kwa kuzingatia umbali kati ya nukta, nayo inafanya kazi, ila kwa mapambo ya hina sikuona faida inayolingana na kazi yake. Kwa ramani au kwa sahihi za benki ningefikiri vingine.

Kilichonitesa zaidi kilikuwa mahali ambapo sikukitafuta. Dada akianza pambo, mistari ni laini. Akifika katikati, pembe zinarudi. Akikaribia kumaliza, mistari imevunjika vunjika. Mkono wake haukubadilika. Kilichobadilika ni wingi wa mistari: kila tukio lilipoingia, programu yangu ilikuwa ikichora upya picha ya kiganja na mistari yote tangu mwanzo. Kadiri pambo lilivyokua ndivyo kila fremu ilivyochukua muda mrefu, na matukio yakawa yanasubiri kwenye foleni.

Dawa yake ni kutenganisha kazi. Tukio likiingia, hifadhi nukta kwenye orodha, basi. Usichore chochote hapo. Kuchora kufanyike mara moja kwa fremu, ndani ya requestAnimationFrame, amri ambayo brauza huiita kabla ya kuchora skrini upya. Tumia tabaka mbili za kanvasi: ya chini ina kila kilichokwisha, haiguswi, ya juu ina mstari unaochorwa sasa hivi. Kitufe kikiachiwa, mstari unahamishwa kutoka juu kwenda chini na ya juu inasafishwa. Ondoa pia vivuli laini vya shadowBlur wakati mkono unakwenda, vinakula nguvu nyingi mno kwenye laptopu za bei nafuu. Jaribu programu yako kwenye mashine mbovu kuliko yako, na uijaribu ikiwa na pambo zima, si karatasi tupu.

Kisha kulikuja suala la kutuliza mkono. Si wote wanaotumia programu hii wana mkono wa dada. Wasichana anaowafundisha walitaka mistari iwe tulivu zaidi. Njia nyepesi inayopendekezwa kila mahali ni ya wastani: brashi isiende moja kwa moja kwenye mshale, isogee sehemu tu ya umbali uliobaki, tuseme asilimia 30 kila mara. Brashi inaufuata mshale kama mbuzi anayekokotwa kwa kamba. Kwa mwendo wa polepole ni raha tupu. Kwa mkono wa haraka ni balaa: brashi inabaki nyuma, inakata kona, na ncha ya jani haifikiwi kamwe. Dada alichora majani kumi na mawili kuzunguka ua, yote yakatoka mafupi na ya duara. Akasukuma kipanya pembeni akaenda kupika. Nilihuzunika, kwa kuwa nilikuwa nimeirudisha ile ile shida ya mwanzo kwa mlango mwingine: programu inayomwadhibu mwenye kasi.

Jibu nililipata kwenye kazi ya watafiti watatu, Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel, waliyoitoa mwaka 2012. Wanaiita chujio la 1€. Wazo lake ni lile lile alilolisema dada: mtetemo huonekana mkono ukienda polepole, na kuchelewa huonekana mkono ukienda haraka. Basi pima mwendo. Mkono ukiwa polepole, tuliza sana. Ukiwa haraka, tuliza kidogo sana au uache kabisa. Kodi zake ni mistari michache, na ina namba mbili za kurekebisha, moja ya mtetemo na moja ya mwendo. Weka ya mwendo kwenye sifuri kwanza, shusha ile ya mtetemo hadi mstari wa polepole utulie, kisha pandisha ya mwendo hadi mstari wa haraka uache kuchelewa. Wanafunzi wakapata utulivu wao, dada akabaki na majani yake marefu.

Kitu kimoja cha muhimu hapo: mwendo upimwe kwa saa ya tukio lenyewe, timeStamp, usipime kwa saa ya wakati programu ilipolishughulikia. Programu ikikwama kidogo, matukio matano yanashughulikiwa kwa mkupuo, na ukitumia saa hiyo ya programu utadhani mkono umeruka kwa kasi ya ajabu.

Mwendo ukishaupima sawasawa, unakupa zawadi. Koni ya hina ikienda haraka huacha mstari mwembamba, ikikawia mstari unanenepa. Nikaufanya unene wa brashi upungue mwendo unapoongezeka, nao unene wenyewe nikausawazisha usibadilike kwa kishindo. Dada alichora shina moja, lililoanza nene kwenye kifundo na kuishia kwa ncha nyembamba kama inavyotakiwa, akaniangalia. "Sasa hii ni koni." Sijawahi kulipwa vizuri zaidi.

Alipotaka rangi hafifu ya kujazia ndani ya majani, likatokea jipya. Rangi isiyo kamili ikichorwa kwa vipande vilivyoungana, kila maungio yanaingiliana na kuwa na doa jeusi zaidi. Mkono wa haraka unaacha madoa yaliyoachana, wa polepole unaacha mstari mzima mweusi. Usichore rangi hafifu moja kwa moja. Chora mstari kwa rangi kamili kwenye tabaka la juu, halafu lifanye tabaka zima liwe hafifu unapoliunganisha na la chini. Na kwa brashi za kugonga mhuri, zenye umbo kama jani dogo au ua, piga mihuri kwa umbali maalumu uliosawazishwa kwenye mstari, si kwa kila tukio. Kipande kikiisha na umbali uliobaki hautoshi mhuri mwingine, ubebe salio hilo kwenda kipande kinachofuata. Ukilitupa salio, mihuri itabanana penye nukta nyingi.

Ukingoni mwa kanvasi napo panahitaji uangalizi. Mkono wa haraka hutoka nje ya eneo la kuchorea kabla hujapata nukta ya mwisho, mstari ukaishia pikseli thelathini ndani, na kitufe kikiachiwa huko nje programu haina habari. Mshale ukirudi unaendelea kuchora bila kubonyezwa. Tumia setPointerCapture mara tu kitufe kinapobonyezwa, matukio yatakuja hata mshale ukiwa nje. Angalia pia buttons ndani ya kila tukio, namba inayoonyesha vitufe vilivyobonyezwa: ikiwa sifuri, maliza mstari. Kwa simu, weka touch-action iwe none kwenye kanvasi, la sivyo brauza itadhani kidole kinataka kusogeza ukurasa na itakukatiza kwa tukio la pointercancel.

Wanaoandika programu za Windows moja kwa moja wana hadithi yao inayofanana. WM_MOUSEMOVE, ujumbe wa Windows kwamba kipanya kimesogea, haihifadhiwi kwa kila msogeo. Programu ikichelewa kuuliza, inapewa mahali pa mwisho tu. Ipo amri ya GetMouseMovePointsEx inayorudisha hadi nukta 64 zilizopita, na wengi hawajui kwamba ipo.

Nilifarijika kidogo nilipojua kuwa shida hii ni ya zamani kuliko kipanya chenyewe mezani petu. Ivan Sutherland alipotengeneza Sketchpad, programu ya kuchora, huko MIT, Marekani, mwaka 1963, mtu alichora kwa kalamu ya mwanga kwenye skrini ya kompyuta ya TX-2. Kalamu ikienda kasi mno, mashine ilipoteza mahali ilipo. Yeye akaitumia hali hiyo: mtikiso wa ghafla wa kalamu, ambao mashine haikuweza kuufuata, ukawa ndiyo ishara ya kumaliza mstari.

Nimalizie na jinsi ya kujaribu, kwa sababu ndicho kilichoniokoa muda mwingi zaidi. Mimi mwenyewe siwezi kuchora kama dada, na yeye hawezi kuacha maharusi kila ninapobadilisha kodi. Nikaongeza kitufe kilichofichwa kinachohifadhi kila nukta ghafi: x, y na saa yake, kabla ya kulainishwa kwa namna yoyote. Dada alichora mara moja pambo zima kwa mwendo wake wa kazi, na faili hilo nimekaa nalo tangu hapo. Nikibadilisha kitu, nalicheza upya na kulinganisha picha mbili. Hifadhi nukta ghafi hata kwa michoro ya kawaida ya watumiaji, maana mstari uliolainishwa haurudishiki ulivyokuwa. Faili likiwa kubwa mno la kutuma, lipunguze kwa kanuni ya Ramer, Douglas na Peucker ya miaka ya 1972 na 1973, inayoondoa nukta zisizobadilisha umbo. Mimi nimeweka kikomo cha nusu pikseli. Ila punguza nakala ya kutuma tu. Ile ghafi ibaki, na ndani yake uwe na mkono wa mtu anayechora haraka kweli, si wako.